Nishati Katika Chumba cha Kupanga

Nyumba ya Kiswahili, kama ijulikanavyo Dar es Salaam na katika miji mingine ya pwani, ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani nyuma ambako majiko huwashwa. Aghalabu kila chumba huwa na mpangaji wake. Mwenye nyumba ndiye aliyechagua bati la paa, ukubwa wa madirisha, nyaya za umeme na mahali pa mita. Mpangaji ndiye anunuaye mkaa, gesi na uniti za umeme. Hivyo yule awezaye kuibadili nyumba si yule alipaye gharama ya nishati, na yule alipaye hana ruhusa ya kuibadili. Zaidi ya hayo, mpangaji huhama. Fedha aliyoitia katika dari la nyumba ya mtu mwingine haihami pamoja naye.

Je, mpangaji wa namna hii anaweza kupunguza matumizi yake ya nishati? Somo hili laonyesha kwamba anaweza, na kwamba hasara zake kubwa hazimo katika kuta wala katika paa. Zimo katika sufuria yake mwenyewe na katika mita anayoshirikiana na wenzake. Elimu ihitajiwayo ni fizikia ya shule ya sekondari, na vyombo vihitajiwavyo vimo chumbani tayari.

1. Kupima kwa kipimo kimoja

Mkaa hununuliwa kwa kopo au gunia, gesi kwa mtungi, na umeme kwa uniti. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuvilinganisha kwa macho. Hapana budi kutumia kipimo kimoja, nacho ni jouli. Jouli elfu moja ni kilojouli moja.

Wati ni kasi ya kutumia nishati: chombo cha wati 1 hutumia jouli 1 katika kila sekunde. Uniti moja ya umeme ni nishati itumiwayo na chombo cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Kwa kuwa saa moja ina sekunde 3,600, uniti moja ni sawa na kilojouli 3,600. Kilo moja ya mkaa mkavu, ikiungua yote, hutoa takriban kilojouli 30,000. Lakini katika jiko la kawaida la bati, sehemu kama moja kwa tano tu ya joto hilo huingia katika sufuria, yaani kilojouli 6,000 hivi. Sehemu iliyobaki huenda hewani na katika mwili wa jiko lenyewe.

Sasa na vilinganishwe vitu viwili. Taa ya LED ya wati 9, ikiwaka kwa saa 5 za jioni, hutumia nishati ya kilojouli 162. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi nyuzi 100 kwahitaji nishati ifuatayo. Kila kilo ya maji huhitaji kilojouli 4.2 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja, na lita 2 za maji zina uzito wa kilo 2. Basi:

2 × 4.2 × 75 = kilojouli 630

Sufuria moja ya maji ya chai inatumia nishati ambayo ingewasha taa hiyo karibu siku nne. Hili ni jambo la kwanza la kukumbuka: katika chumba cha kupanga, kazi ya kutia joto ndiyo ilayo nishati nyingi. Mtu azimaye taa kwa bidii huku sufuria yake ikichemka bila kifuniko anaziba tundu dogo na kuliacha kubwa wazi.

2. Joto lisiloonekana katika kipimajoto

Watu wengi hudhani kwamba maji yachemkayo kwa nguvu yana joto kali zaidi kuliko yachemkayo taratibu. Sivyo. Katika sufuria isiyozibwa, maji yakishafika kiwango cha kuchemka, halijoto yake haipandi tena hata moto uongezwe kiasi gani. Moto wa ziada hugeuza maji kuwa mvuke kwa haraka zaidi tu.

Jambo hili lilichunguzwa na Joseph Black, mganga na mwanakemia wa Uskoti, alipokuwa akifundisha Glasgow katika miaka ya 1760. Aliona kwamba kipimajoto kilichotiwa katika maji yachemkayo hutulia mahali pamoja ijapokuwa moto unaendelea kuwaka chini. Akatambua kwamba joto linaingia katika maji bila kuongeza halijoto, na ndilo liitwalo joto fiche. Kugeuza kilo moja ya maji ya nyuzi 100 kuwa mvuke kwahitaji takriban kilojouli 2,260.

Idadi hiyo ni kubwa, na inafaa kuilinganisha na hesabu ya kwanza. Tuseme mtu anapika maharage katika lita 2 za maji. Kuyafikisha maji katika kuchemka kumetumia kilojouli 630. Kisha anayaacha yachemke kwa nguvu, bila kifuniko, mpaka lita 1 imekwenda hewani, ndipo anaongeza maji mengine. Lita hiyo moja imechukua kilojouli 2,260, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya nishati iliyotumika kuyafikisha maji yote mawili katika kuchemka. Wala maharage hayakuiva upesi zaidi kwa ajili hiyo, maana kinachoyaivisha ni halijoto na muda, na halijoto ilikuwa ileile.

Hesabu ya mkaa yafuata. Iwapo kila kilo ya mkaa huingiza kilojouli 6,000 katika sufuria:

Bila kifuniko, lita 1 ikipotea: 630 + 2,260 = kilojouli 2,890, sawa na mkaa wa kilo 0.48.
Kwa kifuniko na moto mdogo, lita 0.2 ikipotea: 630 + 452 = kilojouli 1,082, sawa na mkaa wa kilo 0.18.

Tofauti ni kilo 0.30 kwa pishi moja. Mtu apikaye hivyo kila siku hupoteza karibu kilo 110 za mkaa kwa mwaka. Katika matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Kwa hiyo mvuke uliopotea katika sufuria moja ya chumba kimoja ni sawa na kuni za kilo 550 hadi 1,100 kwa mwaka. Miti hiyo haikukatwa ili kupika chakula; imekatwa ili kuipa hewa ya uani unyevu.

Hesabu hii imeacha kando joto lipotealo katika pande za sufuria na katika kuwasha jiko. Hata hivyo yatosha kuonyesha mahali hasara kubwa ilipo.

3. Kifuniko, moto mdogo na jiko

Kifuniko hufanya kazi mbili. Kwanza, huzuia hewa baridi isipite juu ya maji. Pili, mvuke unapoligusa bati la kifuniko hurudi kuwa maji, na hapo huliacha joto fiche lake na kudondoka tena sufuriani. Lakini kifuniko peke yake hakitoshi. Moto ukizidi, mvuke hukiinua na kutoka kwa nguvu. Kwa ajili hiyo kufunika na kupunguza moto ni tendo moja: sufuria ikishachemka, mlango wa chini wa jiko la mkaa ufungwe ili hewa ipungue, au kitufe cha jiko la umeme kirudishwe chini.

Makaa yaliyobaki baada ya kupika yana thamani. Yakitiwa katika kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, huzimika kwa kukosa oksijeni na yataweza kuwashwa kesho. Yakimwagiwa maji hulowa, na kesho yake sehemu ya joto lake itapotea katika kuyakausha.

Jiko lenyewe nalo ni mali ya mpangaji, si ya mwenye nyumba. Jiko la bati lililotiwa kauri ndani, la namna iliyoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980 na baadaye katika nchi jirani, huzuia joto lisitoke ubavuni na hivyo hutumia mkaa mchache zaidi. Siku ya kuhama hubebwa pamoja na sufuria.

Kwa mtumiaji wa umeme, jiko la presha la umeme hutumia kanuni hizihizi pamoja na nyingine moja. Kiwango cha kuchemka hutegemea kanieneo ya hewa. Pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100. Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na ndiyo sababu maharage huchukua muda mrefu zaidi huko. Ndani ya chombo kilichozibwa, kanieneo huongezeka na maji huweza kufikia nyuzi 115 hadi 120. Chakula huiva upesi, mvuke hautoki ovyo, na pande za chombo zimekingwa zisipoteze joto.

4. Kapu la joto

Ikiwa maharage yahitaji halijoto na muda tu, je, yahitaji moto? Swali hili lina jibu la kale. Mwaka 1867, katika Maonyesho ya Dunia mjini Paris, lilionyeshwa sanduku la kupikia kutoka Norway lililokuwa na tabaka nene la kuhifadhi joto. Sufuria iliyokwisha kuchemka iliwekwa ndani yake, na chakula kiliendelea kuiva bila moto.

Joto huondoka katika sufuria kwa njia tatu: kwa mpitisho, yaani kupitia vitu vinavyogusana, kwa myuko, yaani kuchukuliwa na hewa inayosogea, na kwa mnururisho, yaani kusafiri kama miali. Pia huchukuliwa na mvuke. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Kwa hiyo kitu chochote kinachonasa hewa katika nafasi ndogondogo kitafaa: sufi, usumba wa nazi, nyasi kavu, mabaki ya nguo, au blanketi kuukuu.

Namna ya kulitengeneza na kulitumia ni hii:

(a) Litafutwe kapu au ndoo pana kuliko sufuria kwa kiasi cha sentimita 10 kila upande. Chini na pembeni lijazwe sufi, usumba au matambara, na katikati liachwe shimo la kuenea sufuria. Ushonwe mto mnene wa kufunika juu.
(b) Maharage yalowekwe usiku kucha, na maji ya kulowekea yamwagwe.
(c) Yachemshwe katika maji mapya kwa dakika 15 kamili, sufuria ikiwa imefunikwa. Dakika hizi zisipunguzwe, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na kuchemka.
(d) Sufuria itiwe kapuni mara moja bila kufunuliwa, ifunikwe kwa mto, na iachwe kwa saa 3 hadi 4.
(e) Kabla ya kula, chakula kichemshwe tena. Kikikutwa kimepoa chini ya nyuzi 60, kapu halikukazwa vizuri, na tabaka lake liongezwe kabla ya kutumika tena.

Ieleweke kwamba sufuria ijaayo huhifadhi joto kuliko yenye chakula kidogo, maana wingi wa maji ndio ghala la joto.

5. Mita moja, vyumba vingi

Mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, humwezesha mtumiaji kununua uniti kabla ya kuzitumia. Lakini mahali ambapo nyumba nzima ina mita moja, jina hilo halitimii. Wapangaji huchanga fedha sawa, na ugomvi huanza: mmoja analalamika juu ya friji, mwingine juu ya pasi. Mtu mwenye taa moja hana sababu ya kubana matumizi, kwa kuwa faida ya kubana kwake hugawanywa kwa wote; na mwenye jiko la umeme hana sababu pia, kwa kuwa hasara yake hulipwa na wenzake.

Hesabu yaweza kuuondoa ugomvi huu. Na ichukuliwe nyumba ya mfano yenye vyumba vinne. Matumizi ya kila siku ni haya, kwa kipimo cha wati-saa:

Chumba A: taa 45, redio 60, simu 15. Jumla 120.
Chumba B: taa 45, televisheni 400, feni 480. Jumla 925.
Chumba C: taa 45, friji ndogo 1,000, pasi 250. Jumla 1,295.
Chumba D: taa 45, jiko la koili 1,500. Jumla 1,545.
Uani: balbu ya zamani ya wati 60, iwakayo saa 12. Jumla 720.

Kwa siku 30, Chumba A hutumia uniti 3.6, B uniti 27.75; C uniti 38.85, D uniti 46.35, na taa ya uani uniti 21.6. Jumla ya nyumba ni uniti 138.15.

Mambo mawili yaonekana. La kwanza ni kwamba taa ya uani, ambayo si ya mtu na kwa hiyo haizimwi na mtu, hutumia mara sita ya Chumba A kizima. Balbu ya namna hiyo hugeuza chini ya sehemu moja kwa kumi ya umeme wake kuwa mwanga. Iliyobaki huwa joto. Ikibadilishwa kwa LED ya wati 9, matumizi yake yatashuka hadi uniti 3.24.

La pili lahusu bei. Katika viwango vya umeme vilivyotumika Tanzania kuanzia mwaka 2016, daraja la watumiaji wadogo wa majumbani lililipa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kabla ya kodi. Ikiwa nyumba ya mfano ingehesabiwa kwa daraja hilo, ingelipa shilingi 7,500 kwa uniti 75 za kwanza na shilingi 22,102 kwa uniti 63.15 zilizozidi, yaani shilingi 29,602. Mchango sawa ungekuwa shilingi 7,400 kwa kila chumba. Lakini mpangaji wa Chumba A, kama angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 360 tu. Bei nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu kama yeye haimfikii, kwa sababu mita huona nyumba, haioni vyumba. Na kubadili balbu moja ya uani kungeiokolea nyumba shilingi 6,426 kwa mwezi.

Kanuni ya haki ni rahisi: kila chumba kilipie uniti zake, na matumizi ya pamoja yagawanywe sawa. Kwa kanuni hiyo, katika nyumba ya mfano, Chumba A kingehesabiwa uniti 3.6 zake pamoja na 5.4 za uani, jumla uniti 9, badala ya 34.5 za mgawo sawa. Bei itumike ile iliyoandikwa katika stakabadhi ya siku ya kununua.

6. Majaribio

Jaribio la kwanza. Wanafunzi wachukue sufuria mbili zilizo sawa, kila moja na lita 1 ya maji. Ya kwanza ichemshwe bila kifuniko, na tangu ianze kuchemka ihesabiwe dakika 20 kwa moto uleule. Ya pili ifanywe vivyo hivyo, ila ifunikwe na moto upunguzwe. Maji yaliyobaki yapimwe. Idadi ya kilo zilizopotea izidishwe kwa 2,260 ili kupata kilojouli zilizokwenda na mvuke.

Jaribio la pili. Mita nyingi za kisasa zina taa ndogo inayomweka, na usoni pake imeandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, mathalani 1,000. Vyombo vyote vizimwe isipokuwa kimoja, na mimweko ihesabiwe kwa dakika chache. Katika mita ya mimweko 1,000, chombo cha wati 1,000 hutoa karibu mimweko 17 kwa dakika. Friji huwaka na kujizima yenyewe. Hivyo ipimwe kwa kutazama uniti za mita kwa saa kadhaa. Jaribio hili lifanywe kwa ridhaa ya wapangaji wote, na mita isifunguliwe wala nyaya zisiguswe.

7. Hadhari

Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, hata kama makaa yamefifia na hakuna moshi. Mkaa uunguao kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia isichukue oksijeni. Humwua mtu usingizini. Hakuna akiba ya nishati ihalalishayo hatari hiyo.

Basi mpangaji asiyeweza kugusa paa wala nyaya bado anayo mambo mengi mkononi: kifuniko, moto mdogo, jiko lenye kauri, kapu la joto, balbu ya LED, na daftari la hesabu ya mita. Vyote hivi huhama pamoja naye.

Mazoezi

1. Mtu huchemsha lita 1.5 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100, naye ahitaji lita 0.5 tu. Amepoteza kilojouli ngapi?
2. Mita ya mimweko 1,000 kwa uniti imetoa mimweko 30 kwa dakika 2. Chombo kinachotumika ni cha wati ngapi?
3. Eleza kwa nini sufuria iliyozibwa ya presha huokoa muda mwingi zaidi Mbeya kuliko Tanga.
4. Katika nyumba ya mfano, mpangaji wa Chumba D asema mgawo sawa ndio udugu. Andika jibu la mpangaji wa Chumba A, lenye heshima na lenye hesabu.

Majibu: (1) kilojouli 315; (2) wati 900.